Kwenda Kuwalaki Korongo

Jumanne, 7 Aprili. Luleå

Theluji ya kwanza ilikaa ardhini mwishoni mwa Oktoba. Leo nimehesabu kwa vidole: miezi mitano na ushei, na bado nikifungua mlango asubuhi ninakutana na weupe uleule, uliogandishwa na baridi ya usiku ukawa mgumu kama saruji.

Huu ni mwaka wangu wa tatu kaskazini mwa Uswidi. Desemba jua lilikuwa likichomoza saa nne kasoro asubuhi na kuzama saa saba mchana. Niliingia zamu gizani, nikatoka gizani. Januari baridi ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri, kope zikawa zinashikana na kila pumzi inauma puani. Mimi nimekulia Bukoba, ambako mvua ndiyo inayobadilisha siku. Mwili wangu haukufundishwa jambo hili. Unalala na kuamka umechoka, unapika ndizi na nyama na hausikii ladha, unampigia mama simu na huna la kumsimulia kwa sababu siku zote zimekuwa siku moja.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Gammelstad, nje kidogo ya mji. Kuna bibi mmoja pale, ana miaka 91. Wenyeji huitana kwa jina la kwanza hata na wazee, nami namwita hivyo mbele za watu, lakini moyoni ni Bibi. Amezaliwa mbali sana na hapa, kusini, katika eneo la Falbygden, karibu na ziwa liitwalo Hornborgasjön. Akaolewa na fundi wa reli ile inayoleta madini ya chuma kutoka Kiruna na Malmberget hadi bandari ya Luleå, akaja huku akiwa binti mdogo, na hajarudi kuishi kwao.

Machi 25, nilipokuwa namlaza, aliniambia: “Kwetu tulisema kwamba kuanzia leo korongo ndiye anayebeba taa ya kwendea kitandani.” Nikamuuliza maana yake. Akasema mchana umeshakuwa mrefu, watu wa zamani walikuwa wakilala bila kuwasha mshumaa, na ndio wakati korongo wanaporudi kutoka nchi za joto. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema hajawasikia korongo wa kwao kwa miaka mingi, na kama nina likizo na sina pa kwenda, niende nikamsikilizie.

Nina siku sita. Treni ya usiku inaondoka jioni hii. Tiketi nimekata ya behewa la vitanda sita, mimi nimepata cha juu kabisa, karibu na dari. Nje ya kituo marundo ya theluji iliyosukumwa na matrekta bado yananizidi kimo.

Jumatano, 8 Aprili. Stockholm

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nikashuka ngazi polepole nisiwaamshe watu, nikasimama kwenye ujia wa behewa, paji la uso kwenye kioo. Tulikuwa tumeshapita Gävle. Theluji ilikuwa imebaki viraka tu, kwenye vivuli vya misonobari na kandokando ya reli. Halafu viraka vikaisha. Karibu na Uppsala tukatokea kwenye mashamba, na ardhi ikawa wazi: udongo mweusi, umelimwa, una mistari, na ukungu mwembamba unapanda kutoka mitaroni. Nyasi zilikuwa za kahawia, zimelala kama zilivyoangushwa na theluji. Hakukuwa na chochote cha kijani. Lakini ilikuwa ardhi. Nililia pale dirishani bila aibu. Mama mmoja aliyekuwa akienda msalani akanigusa bega, akatikisa kichwa kwa upole, akapita.

Stockholm hewa inanuka udongo. Mtu ambaye hajakaa miezi katika baridi hawezi kujua kwamba baridi kali haina harufu, kila kitu kimegandishwa na harufu zake ndani. Leo kipimajoto kilisoma nyuzi 7, nami nikafungua koti.

Mchana nimekwenda Nybroplan, kwenye ngazi za ukumbi wa maigizo wa Dramaten. Zinaelekea jua, na watu wamezijaza. Makarani wenye vitambulisho shingoni, wanafunzi, kinamama wenye vigari vya watoto, wote wameketi, uso juu, macho yamefumbwa. Hawasemi. Hawasomi simu. Mwanzoni, mwaka ule wa kwanza, nilidhani wanaswali. Leo nimekaa katikati yao, nikafumba macho, na joto likanikaa kwenye kope kama kiganja cha mtu. Nimekaa pale zaidi ya saa nzima.

Bustani ya Kungsträdgården ni jirani. Kuna micheri 63 ya Kijapani iliyopandwa mwaka 1998, na inapochanua mji mzima huja kupiga picha. Leo bado ni matumba ya maua. Nimeshika tawi moja: kila tumba limefungwa kwa magamba ya kahawia, na mahali magamba yameanza kuachana panaonekana mstari wa waridi, mwembamba kuliko uzi. Kiswahili cha shuleni kilitufundisha “majira ya kuchipua,” nami nililikariri neno hilo la mitihani bila kuona kitu. Sasa nililiona likitendeka baina ya vidole vyangu.

Idara ya hali ya hewa ya nchi hii, SMHI, ina kanuni yake: majira ya kuchipua yamefika ikiwa wastani wa joto la siku umepita sifuri kwa siku saba mfululizo, na haianzi kuhesabu kabla ya Februari 15. Kwa kanuni hiyo Stockholm imeshavuka. Kwetu Luleå tunasubiri.

Alhamisi, 9 Aprili. Falköping na Hornborgasjön

Treni hadi Skövde, kisha nyingine fupi hadi Falköping. Mwenyeji wangu ni mama kutoka Uvira, Kongo, tulijuana kwenye mafunzo ya kazi. Amenipokea kituoni kwa kukumbatio la nguvu. “Karibu, dada yangu! Ulifika muzuri?” Nikamwambia nimefika salama. Akanitazama usoni, akasema nimekonda, akaniweka garini.

Mezani kwake bado kuna chupa yenye vijiti vya mti wa mbetula vilivyofungiwa manyoya ya rangi, pambo la Pasaka iliyopita juzi. Vijiti vimekaa kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya nyumba, vimedanganyika, vimetoa majani madogo kama masikio ya panya. Ndiyo majani yangu ya kwanza mwaka huu.

Jioni tukaenda ziwani. Amekaanga mikate, ile ambayo sisi tungeiita maandazi, na chupa ya chai ya tangawizi. Njiani akanieleza anayoyajua, mengine nikayasoma kwenye mabango. Ziwa hili lilikaribia kufa. Kati ya mwaka 1802 na miaka ya 1930 watu walilishusha maji mara tano ili wapate mashamba, na mwishowe likawa matete matupu. Miaka ya 1990 serikali ikalirudishia maji. Nao korongo walianza kukusanyika upande wa kusini kwa ajili ya viazi: shamba kubwa la Bjurum lilikuwa likilima viazi vya kutengenezea pombe kali, na masalia yaliyobaki udongoni yakawa chakula chao. Kilimo hicho kilipokoma, korongo hawakuacha kuja, basi sasa hutawanyiwa shayiri ili wasihamie kwenye mashamba ya watu.

Nilisikia kabla ya kuona. Tulipofungua milango ya gari sauti ilikuwa imejaa kila mahali, kama baragumu mia zinapulizwa na watu wasiosikilizana. Koo la korongo ni refu kiasi kwamba limejikunja ndani ya mfupa wa kidari, ndiyo maana mlio wake unasafiri kilomita kadhaa.

Kisha tukafika ukingoni. Tambarare yote ilikuwa ya kijivu na ilikuwa inatembea. Korongo maelfu. Katika misimu mizuri jioni moja huhesabiwa zaidi ya 20,000. Wamekuja kutoka Hispania na Ufaransa, wakapita Ujerumani, wakavuka Baltiki, na hapa wanapumzika siku chache tu kabla ya kuendelea. Kila mmoja anazidi mita moja kwa kimo. Wanatembea taratibu, kama wazee kwenye msiba, wakidonoa shayiri.

Na ghafla mmoja akainama. Mwenzake akainama. Yule wa kwanza akaruka juu, mabawa wazi, miguu inaning'inia, akatua, akaokota kijiti kwa mdomo akakirusha hewani, akakifuata. Mwenzake akazunguka. Jirani zao wakaambukizwa, kisha jirani wa jirani, mpaka kundi lote upande ule likawa linaruka na kushuka kama maji yanayochemka. Kisha wakatulia, wakarudi kula.

Mwenyeji wangu akanishika mkono. “Unaona, dada? Mimi kila mwaka nakuja. Kila mwaka nalia.”

Bukoba kuna korongo taji, yule mwenye kilemba cha dhahabu, na hucheza hivyohivyo kwenye matindiga. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukiwaiga, tunainama na kuruka. Nilikuwa nimeisahau kabisa habari hiyo. Imenirudia pale, miaka karibu thelathini baadaye, na miguu ikataka kuruka.

Jua lilizama kwenye saa mbili usiku. Korongo wakaanza kuondoka shambani, familia kwa familia, kuelekea kwenye maji ya kina kifupi. Hulala wamesimama majini, kwa sababu mbweha akija watamsikia akikanyaga. Watu wa kuhesabu walikuwa wamejipanga wakiwa na darubini na vihesabio mkononi, tik, tik, tik. Nikarekodi sauti kwa simu dakika kumi na moja, bila kusema neno.

Ijumaa, 10 Aprili. Hornborgasjön na Mösseberg

Tumerudi alfajiri. Barafu nyembamba ukingoni, kama kioo cha taa, na imevunjika kwa mlio nilipoigusa kwa buti. Mzee mmoja mwenye darubini ya miguu mitatu akaniona natetemeka, akaniambia, “Njoo uangalie, wangu ni wale watatu.” Kwenye kioo nikaona baba, mama na mtoto wa mwaka jana. Wakubwa wana kiraka chekundu utosini. Mtoto kichwa chake bado kahawia. Mzee akaeleza kwamba mtoto amefundishwa njia na wazazi, kwenda na kurudi, na sasa karibu watamfukuza aanze maisha yake. Nikamuuliza wanakwenda wapi kutoka hapa. Akanyosha mkono: “Kaskazini. Norway, Jämtland, Norrbotten.”

Norrbotten ndiko ninakokaa. Sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nimesafiri usiku na mchana kuyalaki majira haya, na yenyewe yalikuwa njiani yanakuja kwangu.

Mchana mwenyeji wangu akanipeleka mlima Mösseberg, kwenye msitu wa miti isiyo na jani hata moja. Nilidhani hakuna kitu. Akaniambia niangalie chini. Chini, katikati ya majani makavu ya mwaka jana, kulikuwa na maua ya buluu, madogo kama sarafu ya shilingi mia, yamesimama kwa vishada. Hapa wanayaita blåsippa. Nilipiga magoti. Kikonyo chake kina manyoya laini meupe, kama sharubu za kijana zinazoanza. Katikati ya ua nukta nyeupe nyingi. Majani yaliyolizunguka ni ya zamani, yamechakaa, rangi ya ini, yamevumilia theluji yote, na mapya hayatakuja mpaka ua limalize kazi. Linafanya haraka kwa sababu ya mwanga: sasa jua linafika mpaka chini ya msitu, lakini baada ya wiki chache miti itafunga dari. Mbegu zake zina kinyama kitamu, na sisimizi huzibeba, wakala kinyama, wakaacha mbegu mahali pengine. Kwa hiyo huenda kila kishada nilichokiona kiliwahi kubebwa na sisimizi.

Hairuhusiwi kuling'oa. Nikalala kifudifudi, uso karibu nalo, nikapiga picha moja kwa ajili ya Bibi. Koti limelowa lote kifuani.

Tulipokuwa tunashuka, kipozamataza alipanda kutoka shambani, akapanda, akapanda, akiimba bila kuchukua pumzi, mpaka akawa nukta na sauti bado inamwagika.

Jumamosi, 11 Aprili. Falköping

Theluji imeanguka usiku. Mwenyeji wangu anasema Aprili ndivyo ilivyo. Imeyeyuka kabla ya saa sita mchana. Tumepika ugali na sambaza wa kukaanga kutoka duka la Waafrika, tukampigia mama yangu. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, umeonekana leo una uso.” Nikamsikilizisha korongo. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama huko nao wana matindiga.

Jumapili, 12 Aprili. Njiani

Kurudi ni kama kurudisha kalenda nyuma. Udongo mweusi, kisha nyasi zilizolala, kisha viraka, kisha giza na usingizi.

Jumatatu, 13 Aprili. Luleå

Nimeshuka kituoni nikakuta weupe uleule. Lakini nimeuona vingine. Jua lilikuwa kali juu ya theluji, macho yanauma bila miwani. Siku hapa sasa inaongezeka karibu dakika saba kila siku, yaani wiki moja inakuletea zaidi ya robo tatu ya saa. Watu wa huku wana neno la kipindi hiki peke yake, vårvinter, na Wasami huhesabu majira manane kwa mwaka. Kipindi hiki kina nafasi yake humo. Kwenye ghuba iliyoganda, watu wameketi juu ya ngozi za kulungu wa nchi za baridi kando ya matundu waliyotoboa, wanavua samaki, vikombe vya kahawa mkononi, nyuso juu. Wengine wanasukuma vile viti vya vyuma viwili vya kuteleza, mtoto au mfuko wa dukani umekaa mbele. Miaka mitatu nimepita hapa nimeinamisha kichwa.

Na nimesikia matone. Kila paa linadondosha. Tii, tii, tii, mtaa mzima.

Bibi amesikiliza dakika zote kumi na moja. Alishikilia simu kwa mikono miwili, karibu na sikio ambalo bado linasikia. Hakusema kitu. Ilipoisha akasema, “Tena.” Picha ya blåsippa tumeichapisha kwenye printa ya ofisini, nikaibandika ukutani mkabala na kitanda chake.

Alhamisi, 30 Aprili. Luleå

Magari ya kufagia yamefika mtaani kwetu. Majira ya baridi yote mji humwaga kokoto njiani ili watu wasiteleze, na sasa zinakusanywa. Brashi kubwa zinazunguka, vumbi linapanda, ni kelele tupu, nami nimesimama dirishani nazisikiliza kama muziki. Nimevua vyuma vya chini ya viatu nikaviweka kabatini.

Leo ni usiku wa Valborg. Wamewasha moto mkubwa wa matawi makavu, na kwaya imeimba kuyakaribisha majira. Theluji bado ipo kwenye vivuli. Watoto wamekula soseji, mashavu mekundu kwa joto la moto.

Jumamosi, 9 Mei. Gammelstad

Barafu ya mtoni imeondoka wiki hii. Niliona kipande kikubwa kama uwanja wa mpira kikizunguka taratibu, kikapasuka katikati, na maji meusi yakajaa mwanya. Mibetula imekuwa na ukungu wa kijani ambao ukikaribia unapotea, unaona machipukizi tu.

Karibu na nyumba ya wazee kuna Gammelstadsviken. Zamani ilikuwa ghuba ya bahari. Ardhi ya huku bado inainuka tangu ilipoondokewa na uzito wa barafu kuu ya kale, karibu milimita 9 kila mwaka, na ghuba imekuwa ziwa la matete na ndege. Leo kabla ya zamu ya jioni nimepanda mnara wa kutazamia. Bata, shakwe, mabata maji meupe. Nikangoja. Upande wa pili, kwenye nyasi za mafuriko, kulikuwa na vijiti viwili vya kijivu. Kimoja kikainua shingo.

Nimekwenda kazini nikikimbia. Saa nne usiku kasorobo, muda wa kumlaza Bibi, nikafungua dirisha lake. Halikuwahi kufunguliwa wazi tangu Oktoba. Hewa ikaingia na harufu ya matope na majani mabichi. Tukakaa, yeye kitandani, mimi kwenye kiti, mkono wake ndani ya wangu. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba nimemwahidi kitu kisicho mikononi mwangu, na hapo sauti ikaja, mara moja, mbali, halafu ya pili ikaijibu.

Bibi akafumba macho. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaomtii.

Nje kulikuwa bado kweupe, mbingu rangi ya embe kuelekea ziwani. Nikamfunika vizuri, nikanyosha mkono kwenye taa ya pembeni kama kawaida yangu, nimwachie mwanga kidogo.

“Acha,” akasema. “Wameshaileta.”

Nikaiacha.